Viza ya B1/B2, leseni ya uwindaji, na bastola ya kiunoni Texas

Swali: "Wakili, habari za kazi. Mimi ni mwindaji bingwa, nipo Arusha, nina bastola na bunduki mbili za kuwindia, zote kwa leseni. Januari nakwenda Marekani kwa viza ya B1/B2 kwenye maonyesho ya uwindaji, halafu mteja wangu wa siku nyingi amenialika shambani kwake Texas tuwinde nguruwe pori na choroa. Nitakuwa natembea na fedha za amana za wateja, kwa hiyo ningependa niwe na bastola kiunoni. Mteja anasema Texas siku hizi kibali hakihitajiki, atanipa ya kwake. Mwenzangu mwenye pasipoti ya Uingereza alifanya hivyo mwaka jana na hakuguswa. Mwingine ananiambia nikate leseni ya uwindaji tu, basi. Au kuna jimbo linalompa mgeni kibali cha kubeba silaha kwa siri, nikaombe huko?"

Ndugu yangu, kazi njema, namshukuru Mungu. Nitangulize jibu, sababu zifuate: hiyo bastola usiipokee. Usiipokee hata kwa dakika tano, hata ndani ya gari lake, hata juu ya ardhi yake mwenyewe. Kuwinda utawinda, na nitakueleza namna ya kuwinda bila kujitia matatani. Ila kutembea mjini na bastola chini ya koti, ukiwa umeingia kwa viza uliyoitaja, ni jambo ambalo mimi siwezi kukushauri, na mteja wako hana uwezo wa kukukinga nalo.

Mteja hakudanganyi. Tangu tarehe 1 Septemba 2021, Texas imeacha kudai leseni kwa mtu mzima anayebeba bastola hadharani au kwa siri, na leo majimbo 29 yana sheria ya namna hiyo. Vermont haijawahi kudai kibali tangu mwanzo. Lakini sheria ya Texas inamzungumzia mtu ambaye tayari anaruhusiwa na sheria kuwa na silaha. Maneno hayo mteja wako huyaruka kwa sababu yeye ni raia, na hajawahi kuwa na sababu ya kujiuliza kama yanamhusu. Wewe yanakuhusu. Marekani kuna serikali ya jimbo na kuna serikali ya shirikisho, na kila moja ina sheria zake za jinai. Jimbo linaweza kufuta kibali chake lenyewe. Katazo la shirikisho haliwezi kuligusa.

Katazo hilo limo katika kifungu cha 922(g), sura ya 18 ya sheria za shirikisho. Kinataja makundi ya watu wasioruhusiwa kuwa na silaha wala risasi: waliotiwa hatiani kwa makosa makubwa, watumiaji wa dawa za kulevya, waliomo nchini kinyume cha sheria, na kadhalika. Miongoni mwao yumo mgeni aliyeingia kwa viza isiyo ya uhamiaji. Viza ya matembezi na biashara ya B1/B2 ni ya aina hiyo. Viza ya mwanafunzi F-1 ni ya aina hiyo. Hata viza ya kazi ya H-1B, ya mhandisi anayelipa kodi na mwenye nyumba ya mkopo, ni ya aina hiyo. Tabia yako haiulizwi. Wewe umechunguzwa na polisi wa Tanzania, umekaa miaka porini na wateja bila doa, na leseni zako ni halali. Yote hayo hayana uzito mbele ya kifungu hiki, kwa kuwa kinaangalia muhuri wa kuingilia.

Hapa neno letu la "kumiliki" huwapoteza watu wengi. Husikia kwamba mgeni haruhusiwi kumiliki, wakajisemea: mimi similiki, nimeazimwa. Sheria inazungumzia kile ambacho hati za mashtaka za kwetu hukiita "kupatikana na". Bastola ikiwa mkononi, umepatikana nayo. Ikiwa kwenye droo ya chumba ulicholazwa, na unajua ipo, na unaweza kuichukua ukitaka, mwendesha mashtaka anaweza kujenga hoja kwamba umepatikana nayo. Risasi peke yake inatosha, hata bila bunduki. Na adhabu, tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2022, ni kifungo cha hadi miaka 15. Kabla ya hapo ilikuwa 10.

Huenda unajiuliza wageni wamekosa nini. Tarehe 23 Februari 1997, Ali Hassan Abu Kamal, mwalimu Mpalestina mwenye umri wa miaka 69, alipanda hadi ghorofa ya 86 ya Empire State Building mjini New York akafyatua risasi kati ya watalii. Alimuua mtu mmoja, akajeruhi sita, akajiua. Alikuwa ameingia Marekani miezi miwili kabla. Alikwenda Melbourne, Florida, akapanga chumba katika moteli, akatumia anwani ya moteli kupata kitambulisho cha jimbo, na kwa kitambulisho hicho akanunua bastola dukani. Mwaka uliofuata, Oktoba 1998, Bunge la Marekani liliwaongeza wageni wa viza katika orodha ya waliokatazwa. Kila mgeni anayeuliza swali lako leo anajibiwa na sheria iliyotokana na siku ile.

Sasa mwenzako wa pasipoti ya Uingereza. Huyo huenda hakuvunja sheria hii kabisa, na ndiyo maana mfano wake ni hatari kwako. Uingereza imo katika mpango wa nchi ambazo raia wake huingia Marekani bila viza, kwa idhini ya mtandaoni ya ESTA. Kwa miaka mingi serikali iliwahesabu hao pamoja na wengine. Mwaka 2011 wanasheria wa Wizara ya Sheria ya Marekani wakakisoma kifungu upya: kimeandikwa "aliyeingia kwa viza", na huyu hakuingia kwa viza. Mwaka 2012 ATF, ile idara ya shirikisho inayosimamia silaha, ikarekebisha kanuni zake kufuata tafsiri hiyo. Matokeo yake ni kwamba mnaweza kusimama meza moja kwenye maonyesho, mkauza safari za kitalu kimoja, yeye halengwi na katazo na wewe unalengwa, kwa tofauti ya pasipoti tu. Hakuna nchi ya Afrika katika mpango huo. Naona si haki, na nimewahi kulisema hilo mbele ya watu. Lakini ukiwa kizimbani, kilio cha haki hakitashinda nakala ya viza yako.

Leseni ya uwindaji ndiyo yenye ukweli zaidi katika yote uliyoambiwa, kwa hiyo nikae hapo kidogo. Sheria ile ile ya 1998 iliacha milango michache. Kuna wa wawakilishi wa serikali za kigeni na askari wa nchi rafiki walio kazini. Hao si wewe. Kuna wa kumwomba Mwanasheria Mkuu wa Marekani msamaha maalumu, ila lazima uwe umeishi nchini siku 180 mfululizo. Na kuna wa wawindaji: mgeni aliyeingia kwa ajili ya uwindaji halali au michezo ya kulenga shabaha, au mgeni aliye na leseni hai ya uwindaji iliyotolewa na jimbo la Marekani. Mlango huo ndio wako. Ukikata leseni ya uwindaji ya Texas, katazo la shirikisho linakuondokea kwa muda ambao leseni iko hai na iko nawe.

Mitego yake wewe utaielewa haraka kuliko mtalii wa kawaida, maana ni mambo ya fani yako. Tangu mwaka 2019 Texas haidai leseni kwa mtu anayewinda nguruwe pori kwenye ardhi ya mtu binafsi kwa ruhusa ya mwenye ardhi, awe mkazi wa jimbo au mgeni. Nguruwe hao ni balaa la wakulima, na jimbo linataka wapungue. Kwa hiyo mteja wako, kwa nia njema kabisa, anaweza kukuambia usipoteze fedha kwa leseni, ni nguruwe tu. Usimsikilize. Kwake leseni ni ruhusa ya kumuua mnyama. Kwako wewe leseni ndiyo inayokuruhusu kuigusa bunduki. Ukiwinda nguruwe bila leseni mfukoni, Texas haina neno nawe, lakini shirikisho linaweza kukufungulia kesi.

Kwa choroa leseni inatakiwa hata kwa sheria ya jimbo. Wengi wa choroa wa Texas, kama hujawaona, ni wale wa Sahara wenye pembe zilizopinda kama jambia, si wa kwetu wa Tarangire. Mwaka 2000 walitangazwa kuwa wametoweka porini, huku maelfu wakiishi kwenye mashamba ya Texas, na kuanzia 2016 wengine waliokuzwa chini ya uangalizi wamerudishwa Chad. Utapata mengi ya kuzungumza na mteja wako juu ya hilo. Leseni ya mgeni ya siku tano, inayohusu wanyama wa kigeni kama hao, ni dola 48. Ile ya jumla ni dola 315 na huisha 31 Agosti. Ikiwa ulizaliwa tarehe 2 Septemba 1971 au baada yake, Texas inadai pia mafunzo ya usalama wa uwindaji, au ruhusa ya kuyaahirisha unayoinunua pamoja na leseni, kwa sharti uwinde ukiwa na mtu mzima mwenye sifa. Miaka yako ya kuongoza wageni Selous na Maasailand haisomeki kwenye kompyuta yao.

Bunduki zako ziache Arusha. Kuziingiza kunadai kibali cha ATF kinachoombwa mapema kwa Fomu 6NIA, na kwa safari ya siku chache naona ni usumbufu wa bure. Azima ya mteja. Sheria inaruhusu kuazimwa au kukodi kwa muda kwa uwindaji na michezo halali. Kununua ni habari nyingine: asiye mkazi wa jimbo lolote hauziwi bastola dukani, na mteja asithubutu kukununulia kwa jina lake. Tangu 2022 kumnunulia silaha mtu ambaye sheria imemkataza ni kosa linalojitegemea, nalo lina kifungo cha hadi miaka 15.

Najua swali linalofuata, kwa sababu nami ningeliuliza: ikiwa leseni ya uwindaji inaniondolea katazo la shirikisho, na Texas haidai kibali, kwa nini nisibebe bastola mjini? Kwa kusoma maandishi peke yake, hoja hiyo ina miguu. Kifungu hakisemi kwamba mwenye leseni ya uwindaji aguse bunduki ya kuwindia tu. Wapo mawakili wanaoitetea. Mimi sikushauri uwe mtu wa kuijaribu, na nitakuambia ninachokiona. Nakiona kituo cha barabarani usiku nje ya Dallas. Askari anauliza kama kuna silaha. Wewe una bastola ya mtu mwingine, pasipoti ya Tanzania, na leseni ya kuwinda choroa, huku ukitoka hotelini kwenda kula chakula. Askari yule hatafungua vitabu usiku ule. Atakuweka ndani, bastola itachukuliwa kama ushahidi, na hoja yako nzuri itaanza kusikilizwa wiki kadhaa baadaye, wakati tiketi yako ya kurudi imekwisha na wateja wako wamepewa mwindaji mwingine.

Hata ukipona hapo, Texas ina maeneo yaliyofungwa kwa silaha: shule, mahakama, vituo vya kura siku ya kura, michezo ya mashindano, eneo la ukaguzi la uwanja wa ndege, na baa. Baa hutambulika kwa bango lenye "51%" kwa wino mwekundu, maana yake nusu ya mapato na zaidi hutokana na pombe inayonywewa pale pale. Wenye kumbi na maduka nao wana mabango yao ya kukataza. Mkazi huyajua kwa mazoea. Wewe ungejifunza kwa kukosea.

Kuhusu kwenda kuomba kibali rasmi. Texas bado inatoa leseni ya kubeba bastola kwa anayeitaka, na inampa hata asiye mkazi wake, lakini sheria yao inamfungulia mlango mkazi wa jimbo lingine la Marekani au anayehamia Texas kwa nia ya kukaa. Mkazi wa Arusha si mmoja wa hao. Florida imeandika wazi kwamba mwombaji awe raia au mkazi wa kudumu, na ilipofuta ulazima wa kibali Julai 2023 ilibakisha sharti hilo kwa wanaobeba bila kibali pia. Kwa hiyo mgeni wa matembezi anayebeba bastola kwa siri Florida, akidhani kibali kimefutwa kwa wote, amekosea hata kwa sheria ya jimbo. Minnesota, ambako Waafrika Mashariki ni wengi, nayo inamtaka raia au mkazi wa kudumu. Mtandaoni utakutana na kozi zinazouzwa kwa ahadi ya kibali cha posta kinachotambuliwa na majimbo mengi. Zimetengenezwa kwa Wamarekani wanaosafiri. Kibali chochote, hata kingekufikia kwa makosa ya karani, hakifuti 922(g). Na ukijaza fomu ukaficha hali ya viza yako, umejiongezea kosa la uongo.

Ipo kesi ambayo kila mgeni anayetamani kwenda kufyatua risasi Marekani angeisikia. Hamid Rehaif, raia wa Falme za Kiarabu, alikwenda kusoma chuo kikuu huko huko Melbourne, Florida, kwa viza ya mwanafunzi. Alifeli, chuo kikamwondoa na kumwarifu kwamba hadhi yake ya kukaa nchini ingekoma. Akabaki. Akaenda kwenye uwanja wa kulenga shabaha, akafyatua silaha mbili. Hakumtishia mtu. Alihukumiwa miezi 18. Kesi ilifika Mahakama ya Juu, na tarehe 21 Juni 2019 majaji saba kati ya tisa wakasema serikali lazima ithibitishe kwamba mshtakiwa alijua yumo katika kundi lililokatazwa, yaani alijua hadhi yake ya ukaazi. Watu wengine husoma hukumu hiyo kama faraja. Wewe isikufariji: anayejua kwamba aliingia kwa viza ya matembezi anayo tayari maarifa ambayo mahakama inayadai. Kutojua kifungu hakumwokoi. Na angalia kilichomfikisha pale: kulenga shabaha, burudani inayouzwa kwa watalii kama tiketi za sinema. Ukialikwa huko, uwe na leseni yako hai mfukoni, au ubaki nyuma ya kioo ukitazama.

Mwonyeshe mteja wako aya hii, kwa sababu yeye hajui kwamba anajihatarisha. Kumpa silaha mtu unayemjua kuwa yumo nchini kwa viza ya namna hii, bila mlango wowote kati ya ile niliyoitaja, ni kosa la mtoaji pia, na kifungo chake ni hadi miaka 15 vilevile. Raia akitiwa hatiani kwa kosa hilo hupoteza haki ya silaha mwenyewe. Mtu mwenye shamba la uwindaji akipoteza haki hiyo, amepoteza maisha yake yote ya Jumamosi. Kwa upande wako, hatia ya kosa la silaha ni sababu ya kufukuzwa nchini inayosimama peke yake katika sheria ya uhamiaji, na viza inaweza kufutwa hata kabla kesi haijaisha. Kwa mtu ambaye soko lake lipo kwenye maonyesho ya Marekani kila mwaka, huko ni kufunga duka.

Nije kwenye hofu yako ya fedha, maana hiyo ndiyo iliyozaa swali lote, nami siidharau. Usibebe amana. Wateja walipe kwa benki, moja kwa moja kwenye akaunti ya kampuni, na wewe uondoke mezani na mkataba na risiti tu. Ukilazimika kutoka na fedha taslimu zinazozidi dola 10,000, sheria inakutaka uzitamke forodhani. Usipozitamka zinaweza kutaifishwa zote. Kwa usalama wa njiani, kikopo kidogo cha dawa ya pilipili ya kupuliza ni halali Texas na huuzwa madukani. Kinunue huko, ukiache huko. Ndani ya ndege kwenye mzigo wa mkononi hakiruhusiwi.

Kwa ndugu zetu wanaoishi Marekani watakaosoma jibu hili: mwenye grin kadi, pamoja na aliyeipata kwa bahati nasibu ya viza, hayumo katika katazo la wageni wa viza, na Mkongomani aliyeletwa kama mkimbizi hayumo pia. Hao wafuate masharti ya jimbo wanaloishi, na baadhi ya majimbo kama nilivyoonyesha huwabagua wasio na ukaazi wa kudumu. Aliyeingia kwa viza ya mwanafunzi au ya matembezi na sasa anasubiri majibu ya maombi ya hifadhi asijihesabu miongoni mwao. Huyo aje azungumze na wakili ana kwa ana kabla ya kugusa chochote.

Kwenye dirisha la uhamiaji, ukiulizwa unakwenda kufanya nini, sema yote mawili: maonyesho na kuwinda kwa mwaliko. Uwe na barua ya mteja inayotaja tarehe na shamba. Na kule shambani uwe mgeni. Usiongoze wawindaji wengine kwa malipo, maana B1/B2 haikupi ruhusa ya kufanya kazi, na mwindaji bingwa mwenye bunduki anayeelekeza wenzake huonekana yupo kazini hata asipolipwa. Leseni ikate kabla hujaigusa bunduki, uichape kwenye karatasi, ikae na pasipoti na nakala ya I-94, ile kumbukumbu ya kuingia kwako nchini, kwenye mfuko wa shati unaofungwa kwa kifungo, siyo ndani ya gari. Chagua tarehe za leseni ya siku tano zianze siku ya kufika shambani, siyo siku ya kutua Dallas. Jioni ya siku ya tano, kabla ya chakula, mrudishie mteja bunduki na kila risasi, upekue mifuko ya koti na begi. Risasi moja iliyosahaulika kwenye koti la kuwindia, asubuhi ya siku ya sita, inaweza kukuletea kesi ya shirikisho.